Njozi Humfunga Aliyeiota: Marehemu Wetu na Ujumbe wa Usingizini

Hapana nyumba ya Waswahili iliyofiwa ambayo, baada ya matanga kuanuliwa na mikeka kukunjwa, haijapata kumsikia mmoja wa watu wake akiamka asubuhi na kusema kwa unyenyekevu kwamba usiku ule amemwona marehemu. Wa kwanza kumsikia humjibu kwa neno la kheri kabla hajajua alichokiona, kwa kuwa mila ya pwani yataka njozi ipokewe kwa kheri. Kisha huulizwa maswali yaleyale ambayo bibi zetu waliulizwa na bibi zao: alikuwa katika hali gani, alivaa nguo ya rangi gani, na je, alinena? Akiwa alivaa nyeupe na uso wake una nuru, wenye nyumba hushukuru. Akiwa alionekana ana njaa au kiu, au aliketi kwa huzuni pasipo kusema, hapo ndipo shughuli huanza: ubani hutiwa chetezoni, khitma husomwa, mchele hupimwa kwa ajili ya sadaka, na mzee wa nyumba hutoka kwenda kuulizia madukani iwapo marehemu hakuacha deni ambalo watoto hawakuambiwa.

Swali la kwamba yule aonekanaye ni marehemu mwenyewe, au ni huzuni yetu tuliyolala nayo, limeulizwa na kila umma katika kila zama, wala mimi sidai kwamba naweza kulikata kwa kalamu. Ninalotaka kulisimamisha hapa ni jambo jingine, ambalo naona limeanza kusahauliwa katika siku hizi ambapo tafsiri za ndoto huuzwa na kununuliwa: kwamba njozi ya marehemu, iwe ya kweli kiasi gani, humfunga aliyeiota, humtaka alipe, asamehe, atoe, aombe, wala haimpi hata chembe ya haki ya kumhukumu mtu mwingine. Kanuni hii wazee wetu waliijua, wanazuoni waliiandika, na mambo yaliyotukia katika nchi za mbali yaiunga mkono.

Roho ishikwapo usingizini

Msingi wa itikadi ya Mwislamu wa pwani juu ya jambo hili umo katika aya ya 42 ya Surat Zumar, ambamo usingizi na mauti vimetajwa pamoja: katika hali zote mbili roho huwa mikononi mwa Muumba, ila moja hurejeshwa kwa mwenyewe hata ufike muda wake, na nyingine huzuiliwa. Kwa kuitegemea aya hiyo baadhi ya maulamaa, na mashuhuri miongoni mwao ni Ibn al-Qayyim aliyefariki huko Damascus mwaka 1350, walisema kwamba roho za walio hai ziwapo usingizini zaweza kukutana na roho za waliotangulia, zikajuliana hali na kupashana habari. Naye katika kitabu alichokitunga juu ya roho alikusanya visa vingi vya watu walioota jamaa zao, wakaambiwa mambo ambayo baadaye yalithibiti.

Walakini dini hiyohiyo iliweka mipaka, na mipaka yenyewe imetengenezwa kwa hekima kubwa. Mtume Muhammad alifundisha kwamba yaonekanayo usingizini ni ya namna tatu: njozi njema itokayo kwa Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya nafsi juu ya yale yaliyoishughulisha mchana. Njozi njema aliitukuza hata akaihesabu kuwa fungu moja katika mafungu 46 ya utume. Lakini aliyeota vibaya alimwagiza ajikinge kwa Mungu, ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ageuze ubavu, na asimsimulie mtu. Njozi njema nayo husimuliwa kwa yule umpendaye. Katika mafunzo yote hayo hapana mahali ambapo mwotaji ameruhusiwa kutoka uani kwake, akamnyooshea jirani kidole kwa sababu ya alichokiona amelala.

Mafakihi wakaongeza kanuni iliyo wazi kama hukumu ya kadhi: njozi si hujja katika sheria. Haihalalishi iliyo haramu, haiharamishi iliyo halali, wala haithibitishi deni juu ya mtu akanushaye. Wakatoa na mfano ambao kila mfungaji ataufahamu, wakasema kwamba hata akitokea mtu akadai kuwa ameambiwa usingizini kwamba kesho ni Ramadhani, watu hawatafunga kwa kauli yake; mwezi hutafutwa mbinguni kwa macho yaliyo wazi.

Deraya chini ya chungu

Katika visa vya namna hii, hapana kilichonukuliwa mara nyingi kuliko kile cha Thabit bin Qays, khatibu wa Ansari, mtu mwenye sauti kubwa na ufasaha, aliyekuwa akisema kwa niaba ya watu wa Madina mbele ya wajumbe wa makabila. Thabit aliuawa katika vita vya Yamama, karibu na mwaka 633, wakati wa ukhalifa wa Abubakar, naye alikuwa amevaa deraya ya thamani, ambayo mmoja katika askari wa upande wake mwenyewe aliivua maitini na kwenda nayo. Yasimuliwa kwamba baadaye mtu mwingine katika jeshi lile alipolala alimwona Thabit akimjia, akamwonya kwanza asije akayapuuza maneno yale kwa kusema ni ndoto tu, kisha akamweleza ilipo deraya: katika hema lililo mwisho kabisa wa kambi, penye farasi aliyefungwa kwa kamba ndefu akila majani, imefunikwa kwa chungu, na juu ya chungu limewekwa tandiko. Akamwagiza aende kwa amiri wa jeshi, Khalid bin Walid, amtake aitwae. Na atakapofika Madina amwambie Khalifa kwamba yeye Thabit anadaiwa deni kadha wa kadha, na kwamba watumwa wake aliowataja wako huru.

Khalid alipeleka mtu, na deraya ikakutwa vilevile kama ilivyoelezwa, chini ya chungu chini ya tandiko. Na habari ilipomfikia Abubakar, akautekeleza wasia. Wasimulizi wa kisa hiki husema kwamba hawamjui mtu mwingine ambaye wasia alioutoa baada ya kufa kwake ulipata kutekelezwa.

Wengi hukisikia kisa hiki wakastaajabia maajabu yake, nami nastaajabia utaratibu wake. Khalid hakulitangaza jambo kambini wala hakumkamata mtu kabla ya kuchungua: kwanza chungu kilifunuliwa. Ibn al-Qayyim, alipokuwa akieleza kwa nini wasia ule ulikubaliwa ilhali njozi si hujja, alizitaja dalili za dhahiri zilizouzunguka, zilizowapa wale mabwana yakini ambayo usingizi peke yake usingeweza kuwapa. Kisha na tuyatazame yale aliyoyataka marehemu: mali irudi kwa wenyewe, deni lilipwe, watumwa waachwe huru. Aliyeiba hata jina lake halikuhifadhiwa na wapokezi. Maiti aliyekuwa na kila sababu ya kulalamika alitumia maneno yake machache kuondoa mzigo shingoni mwake, na hakuongeza neno la kisasi.

Wasia ndani ya kurasa zilizokunjwa

Yapata karne kumi na tatu baadaye, katika wilaya ya Davie, jimbo la North Carolina huko Marekani, yalitukia mambo ambayo kila aliyekisoma kisa cha Thabit atashangaa jinsi yanavyolandana nacho. Mkulima mmoja, James L. Chaffin, alikuwa ameandika wasia mwaka 1905, akamwachia shamba lake mwanawe wa tatu peke yake, ijapokuwa alikuwa na wana wanne na mke. Alifariki mwaka 1921, na wasia ukafuatwa kama ulivyo. Hata mwaka 1925 mwana wa pili akaanza kumwona baba yake usingizini akisimama kando ya kitanda pasipo kunena. Kisha usiku mmoja akamwona amevaa koti lake kuukuu jeusi, akalifunua na kumwambia kwamba wasia wake ataukuta katika mfuko wa koti lile.

Koti lilikuwa kwa kaka mkubwa, aliyekaa mbali. Lilipochunguzwa mfuko wa ndani ulionekana umeshonwa, na bitana ilipofumuliwa ikakutwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa baba, ikiwataka wasome sura ya 27 ya Kitabu cha Mwanzo katika Biblia ya zamani ya babu yao. Mwana yule hakwenda peke yake kuitafuta Biblia. Alichukua jirani na watu wengine wawe mashahidi, wakaenda hata nyumbani kwa mama yake, wakaikuta Biblia imechakaa, na mahali pa sura ile, ambayo ni habari ya Yakobo alivyoitwaa baraka iliyokuwa haki ya kaka yake Esau, kurasa mbili zilikuwa zimekunjwa, na ndani yake mna wasia mwingine wa mwaka 1919, ulioigawa mali sawasawa kwa wana wote wanne na kuwaagiza wamtunze mama yao.

Kesi ilifika mahakamani mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Mwana wa tatu alikuwa amekwisha kufa, na mjane wake ndiye aliyekuwa tayari kupinga. Lakini alipoonyeshwa maandiko aliukiri mkono wa mkwewe, na wasia wa pili ukakubaliwa. Wako wanaosema kwamba pengine mwana wa pili aliwahi kusikia dokezo zamani, likakaa moyoni hata likamrudia usingizini. Na wako wanaosema kwamba baba hakupata raha kaburini mpaka udhalimu alioutenda ukaondoka. Na waseme watakavyosema, hakimu hakuulizwa iwapo wafu hunena. Sheria ya jimbo lile ilikubali wasia ulioandikwa na mwenyewe kwa mkono wake, na mkono ulijulikana. Njozi ilimwamsha mwana akatafute. Haki ikasimama juu ya karatasi.

Mfasiri aliyemtazama mwotaji

Katika miji ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huuzwa vijitabu vya tafsiri ya ndoto vyenye jina la Ibn Sirin, na ndani yake kila kitu kimepewa maana yake: nyoka ni adui, jino likianguka ni msiba, maiti akikupa kitu ni riziki na akikunyang'anya ni hasara. Ibn Sirin mwenyewe alikuwa mtu wa Basra, mfanyabiashara na mchamungu, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra. Nao wajuzi wa maandiko ya kale wanasema kwamba vitabu hivyo vilikusanywa na watu wengine muda mrefu baada yake. Kinachosahauliwa na wenye kuvinunua ni kwamba sifa yake kubwa ilikuwa kumchunguza mtu kabla ya kuichunguza ndoto. Mashuhuri ni kisa cha watu wawili waliomjia, kila mmoja akisema ameota anaadhini: mmoja alimbashiria kuwa atahiji, na wa pili akamwambia kwamba atashikwa kwa wizi, na alipoulizwa kwa nini ndoto moja imepata tafsiri mbili, akajibu kwa maana ya kwamba aliziona nyuso zao na hali zao, naye aliona katika mmoja alama za wema na katika mwingine hakuziona.

Hili ni somo zito. Mama aonekanaye analia machoni mwa binti aliyemtunza hata dakika ya mwisho, na mama huyohuyo aonekanaye analia machoni mwa mwana aliyezuia fedha za dawa, hawaleti habari moja. Wala hapana kitabu kilichochapishwa, wala mganga aliyetangaza namba ya simu ukutani, awezaye kuijua tofauti hiyo kuliko dhamiri ya mwenyewe aliyeota. Aghalabu mtu huamka akiwa amekwisha kujua alichodaiwa; huenda kwa mfasiri kutafuta maana nyingine iliyo nafuu.

Koma waombapo mahali pao

Wamijikenda wa bara ya Kilifi, na hasa Wagiriama, wana njia yao ya kuupokea ujumbe wa namna hii, ambayo ni ya kale na yenye heshima. Wazee waliofariki huitwa koma, nao hudhaniwa kuwa wangali wakiutazama mji wao. Wakisahauliwa hujitokeza katika ndoto za watoto wao, wakalalamika baridi, au njaa, au kutojaliwa. Mwotaji huwaeleza wakubwa wa mji, na sadaka hutolewa kwa unga na tembo la mnazi. Na ikiwa marehemu alikuwa mmoja wa chama cha Gohu, ambacho ni chama cha watu wenye hadhi na mali, huenda akadai achongewe kigango: nguzo ya mti mgumu usioliwa na mchwa, yenye kichwa na kiwiliwili kilichonakshiwa kwa pembetatu, isimamishwe mjini pamoja na wenziwe. Jambo hilo lina gharama, kwa maana fundi hulipwa, mnyama huchinjwa na watu hulishwa. Na gharama yote huwa juu ya watoto wa marehemu, si juu ya mwingine yeyote.

Kwa hiyo mtu aweza kufahamu ukubwa wa dhuluma iliyotendeka pale vigango vilipoanza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikavuka bahari kwa mamia hata kuingia katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Marekani. Mwaka 1985 mtaalamu wa mila, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vyote viwili vikaibiwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja katika mkusanyo wa makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois, na cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Na baada ya miaka ya madai, mwaka 2007 familia ya mzee ilifanyiwa sherehe ya kurejeshewa amana yake. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo ilitangaza kurudisha vigango 30. Mzee aliyeviinua vile viwili kwa ajili ya ndugu zake hakuwahi kuiona siku ile, kwani alikuwa amekwisha kufa.

Wajaluo wa pande za Ziwa Victoria nao hupokea wito wa aina hiyo katika majina: jamaa aliyekufa huonekana usingizini akitaka mtoto mchanga aitwe kwa jina lake, na katika mila zetu nyingi hunenwa kwamba mtoto asiyenyamaza analilia jina. Ukilitazama jambo hili kwa utulivu utaona kwamba kote, Kilifi hata Kisumu, maombi ya wafu ni machache na ni yaleyale: wasisahauliwe, wapewe mahali, jina lao liendelee kuitwa. Ni maombi ambayo aliye hai anaweza kuyatimiza kwa mali yake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe.

Pale njozi igeuzwapo upanga

Kinyume chake tunakijua, nacho chaumiza kukiandika. Katika Kilifi hiyohiyo ya vigango, na katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza upande wa Tanzania, wazee wa watu wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Vikongwe wengine wa Usukumani walihukumiwa kwa wekundu wa macho yao, nao wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni waliopikia maisha yao yote. Na wazee wengine wa Kilifi walishutumiwa na jamaa zao wenyewe walioitamani ardhi, hata wengine wakakimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, kuokoa roho zao. Shutuma hizo hutoka katika vyanzo vingi, na ndoto nayo huingizwa katika hesabu: fulani ameota marehemu akimtaja aliyemla, na mpiga ramli amelithibitisha neno lake.

Hapa ndipo ile kanuni niliyoitaja mwanzoni inapopata uzito wa uhai na mauti. Anayesema marehemu amemwonyesha mchawi amelivunja fundisho la dini, kwa kuwa ndoto ya shari haitangazwi. Amelivunja fundisho la sheria, kwa kuwa njozi si hujja. Na amelivunja fundisho la mila ya wazee wake, ambao wakiota walijitoza wao wenyewe mbuzi na mchele. Wenye mji wanaposikia neno hilo likitamkwa barazani, wajibu wao ni kulizima palepale, mbele ya vijana, kabla halijapata miguu. Hapana marehemu mwenye haki awezaye kuheshimiwa kwa damu ya bibi kizee.

Yasemwayo na wataalamu

Elimu ya kisasa nayo ina lake. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba mtu aliyelala hupitia vipindi ambavyo macho yake huenda mbio chini ya kope, na kwamba akiamshwa katika kipindi hicho aghalabu husimulia ndoto. Kwa mtu mzima vipindi hivyo huchukua kadiri ya robo ya usingizi wote, navyo hurefuka kadiri usiku unavyokaribia kwisha. Hata wale wazee wetu waliosema kwamba njozi ya kushika ni ile ya alfajiri, walikuwa wameiona saa ambayo ndoto huwa ndefu na hukumbukwa zaidi. Elimu hiyo imetueleza wakati na namna ya kuota; kuhusu asili ya sura ile ya mama iliyoonekana, kila mtu hurejea katika imani yake.

Hata Sigmund Freud, tabibu wa Vienna aliyeandika kwamba ndoto ni matamanio ya nafsi iliyojificha, alikiri baadaye kwamba kitabu chake juu ya ndoto, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1899, kilikuwa ni namna yake ya kukabiliana na kifo cha baba yake aliyefariki mwaka 1896. Katika siku za mazishi yale aliota tangazo lililobandikwa mahali, likimtaka afumbe macho. Naye alipolichambua akaona kwamba linamkumbusha wajibu wa mtoto wa kumfumba mzazi macho, na pia linaomba asamehewe, kwa kuwa alichagua mazishi ya kawaida kabisa na baadhi ya jamaa hawakuridhika. Mtu asiyekuwa na dini, akitumia elimu aliyoibuni mwenyewe, alifika palepale anapofika mzee wa Kiunguja baada ya njozi: kwamba kuna haki ya marehemu ambayo huenda hakuitimiza.

Kuna na utafiti mmoja ambao ningependa kila mwenye mgonjwa nyumbani aujue. Katika taasisi ya Hospice Buffalo, jimbo la New York, inayotunza wagonjwa waliokaribia mwisho wao, Christopher Kerr na wenziwe waliwahoji wagonjwa 59, na mwaka 2014 walichapisha waliyoyapata: takriban 9 katika kila 10 walisimulia ndoto au maono, na kadiri mauti yalivyokaribia ndivyo walivyozidi kuwaona jamaa waliokwisha kufa, nao ndio waliowaletea faraja kubwa kuliko ndoto nyingine zote. Basi mgonjwa wako akisema kwamba mama yake amekuja kukaa naye, usimkatize kwa kumwambia asitaje mambo hayo, wala usimhesabu kuwa amerukwa na akili. Keti karibu naye, muulize mama alivaaje na alisema nini, umwache aonje faraja yake. Kisha umsomee yale anayoyapenda kuyasikia.

Wasioota

Nimewasikia wafiwa wakinung'unika kwamba tangu siku ya maziko hawajamwona mpenzi wao hata mara moja, ilhali shemeji au mtumishi humwota kila wiki; nao hudhani kwamba marehemu amewachukia, au kwamba mapenzi yao hayakumfikia. Dhana hiyo haina msingi, wala katika dini wala katika elimu. Wengi huota na wakaamka wamesahau, na huzuni nzito huukata usingizi vipande vipande. Wala hapana aya wala hadithi iliyosema kwamba apendwaye zaidi ndiye atembelewaye. Mjane aliye katika eda, aliyemhudumia mumewe kwa uaminifu na kumwombea kila swala, hana deni lililobaki ambalo usingizi wake ulazimike kumdai. Dua yake inafika pasipo ruhusa ya ndoto.

Wajibu wa walio hai

Basi aliyemwota marehemu wake na afanye yaliyo mepesi na yaliyo wazi. Amwombee, atoe sadaka kwa kadiri ya uwezo wake, asikope kwa ajili ya fahari, aangalie kama kuna deni, amana au ahadi iliyobaki, na kama njozi imemwonyesha mahali pa kitu, akitafute mbele ya mashahidi. Ikiwa ameota wagomvi wa nyumba wamekaa pamoja, awe yeye wa kwanza kubisha hodi. Na ikiwa alichokiona chamsukuma kumdhuru mtu, kumnyima mrithi haki yake au kumtilia shaka mzee, na ajue kwamba hilo si la marehemu, awe nani aliyemjia kwa sura yake.

Lakini lililo kubwa zaidi latuhusu sisi tunaolala leo tukiwa wazima. Thabit aliuawa ghafula vitani, naye ana udhuru. Yule mkulima wa North Carolina alikaa miaka miwili na zaidi na wasia wa haki aliouficha ndani ya Biblia, hakumwambia mtu, na watoto wake wangeishi na kufa katika dhuluma kama si jambo ambalo hapana awezaye kulitegemea. Mtume alifundisha kwamba haimfai mtu mwenye cha kuusia alale siku mbili pasipo wasia wake kuandikwa. Tuandike, basi, tunachodai na tunachodaiwa; tuwaonyeshe watoto hati za mashamba na mipaka yake; tuseme mbele ya mashahidi nani apewe nini kwa mujibu wa haki; tuombane radhi na ndugu zetu tukiwa na ndimi za kunena. Mtoto aliyeachiwa mambo yaliyonyooka atamwota baba yake kwa mapenzi tu, pasipo hofu ya kwamba kuna jambo lililosahauliwa. Na huo ni urithi ambao maskini aweza kuuacha sawa na tajiri.